Ngumi Moja ya Kuon

Jumatatu
Kijana niliyemtuma mashineni na mtama amerudi na unga uliochanganywa na muhogo. Mwenye mashine amefanya kama afanyavyo kila siku. Hapa Sori mtama na muhogo husagwa pamoja. Mzee, mwenye kisukari, amefurahi kuona unga wa kahawia, kwa kuwa ameambiwa kuon (ugali) ya kahawia haipandishi sukari. Hupandisha. Muhogo ni wanga karibu mtupu, na rangi ya unga haibadilishi ukubwa wa tonge. Nimempimia kiasi cha ngumi moja. Ameuliza: ngumi ya nani?

Jumanne
Karatasi tuliyopewa kliniki inasema tuache wali, tupike koliflawa iliyokatwakatwa. Sokoni hakuna koliflawa. Nimenunua kabichi, nikaikata nyembamba na kuikaanga na kitunguu, ikajaza nusu ya sahani kama inavyotakiwa. Natamani wanaoandika karatasi hizi wapite kwanza kwa mama mboga wetu. Osuga, dek, apoth, majani ya kunde: vyote viko pale chini, juu ya gunia.

Jumatano
Mbalamwezi. Omena, dagaa wa ziwani, huvuliwa kwa taa usiku wa giza, kwa hiyo mitumbwi mingi haikutoka na gorogoro ya omena imepanda bei. Nimechukua mgongo wazi wa samaki mbuta. Mvua imenikuta njiani.

Alhamisi
Matanga. Mzee amewekewa ugali mweupe wa kumtosha mvuvi aliyekesha ziwani. Akala kuku na mboga, akamega kidogo, akaacha. Akina mama wa jikoni wakaja kuuliza kama ana ugomvi na mji ule. Nikaeleza habari ya sukari, na mmoja akanivuta kando: naye anameza vidonge, ila nyumbani kwake hawajui.

Ijumaa
Mtu ufuoni amemwambia Mzee kwamba anayeacha ugali kabisa hupona. Basi amekula samaki na osuga mchana, usiku vilevile, na kidonge chake cha sukari, glibenklamidi, akakimeza kama kawaida. Kabla hatujalala mikono ikaanza kutetemeka, jasho likamtoka, akaniita kwa jina la dada yake. Kipimo cha sukari: 3.1, chini mno. Nilikoroga vijiko vitatu vya sukari kwenye maji, akanywa, nikampima tena baada ya dakika 15. Ikasoma 4.6, nikampa kipande cha kuon na maziwa.

Vidonge hivi huisukuma kongosho itoe insulini hata kama hukula wanga. Anayevimeza, au anayejidunga insulini, aongee na daktari kabla ya kupunguza ugali, si baada. Nimeandika hivyo kwenye jalada la daftari la vipimo, kwa kalamu nyekundu, kwa Kiswahili na kwa Dholuo.

Jumamosi
Kliniki wamempunguzia dozi. Robo ya sahani ibaki ya wanga, kila mlo, bila kuruka. Stripu za kupimia sukari zimekwisha na duka la dawa halina.

Jumapili
Wageni kutoka Nairobi wameleta unga mweupe, pakiti kadhaa. Mama mkwe amezitazama, akasema nyanya yake alilelewa kwa kuon ya mtama na wimbi, mahindi yakiwa bado mageni huku. Hata hivyo ameomba apikiwe huo mweupe, nami nimempikia. Sukari yake haina tatizo.

Watoto walikuwa wamemchomea Mzee viazi vitamu kwenye majivu, kwa mapenzi yao. Viazi vya kuchoma hupandisha sukari haraka kuliko vya kuchemsha. Nimevigawa kwa wageni na kumchemshia kimoja kidogo, akala na mrenda na ngege. Hakunung'unika.

Kesho nitapeleka mtama mashineni mwenyewe, na nitamwomba mwenye mashine ausage peke yake. Dengu pia ziwe tayari zimelowekwa, maana omena bado ni ghali.