Mwenye Meno Ndiye Mwenye Matatizo

Aisee jirani, sogea hapo kwenye benchi. Mangi, nipe soda, andika kwenye daftari. Na usinikodolee shati hivyo. Siyo rangi ya nyumba. Ni boga.

Bwana mdogo katimiza miezi 6. Mimi nikajua sasa ni uji. Nikajikakamua, nikanunua kijiko cha plastiki chenye kichwa cha sungura, shilingi 3,000. Mama Bahati akanitazama kama mtu aliyeshuka na basi la usiku. Eti siku hizi mtoto anajilia mwenyewe. Mwenyewe! Jino hana hata la kusingiziwa. Mimi ninayo 31 na samaki bado natolewa miiba.

Nikauliza kwa adabu, hii imetoka wapi? Akasema kuna mama Mwingereza, Gill Rapley, alikuwa akizunguka majumbani kuangalia wazazi na watoto wachanga, mwaka 2008 akatoa kitabu. Sawa. Huko wana mashine ya kufulia. Kwetu mashine ya kufulia ndiyo inaongea na wewe hapa.

Tukaenda kliniki. Nilitegemea nesi aniokoe. Wapi! Kasema ruksa, mradi mtoto anakaa bila kuegemezwa, shingo imekaza, anaokota kitu na kukifikisha mdomoni. Chakula kiwe laini, ukikibana kwa vidole viwili kinapondeka. Kirefu kama kidole, ili ncha itokeze kwenye ngumi yake. Chumvi usiweke. Asali mpaka atimize mwaka. Karanga nzima usithubutu. Maharage na nyama visikosekane, damu inataka madini ya chuma. Na uji mzito haujafukuzwa, unaendelea. "Baba, umeelewa?" Nikaitikia kwa sauti. Nilichoshika ni kidole.

Basi nikakata viazi lishe kwa kipimo cha kidole changu. Unakiona hiki kidole? Mama Bahati akauliza kama natengeneza miguu ya stuli.

Tukatandika mkeka barazani. Boga, kiazi, parachichi. Bwana mdogo akashika boga, akalikagua, akanipaka. Akashika parachichi, akapaka sikio lake. Kiazi akakinyonya. Ghafla uso mwekundu, machozi, ulimi nje, anakoroma kama bodaboda iliyoingia maji. Nesi alishasema: akikohoa na kutoa sauti, tulia, anajifunza kukirudisha mwenyewe. Akinyamaza kimya hawezi hata kulia, hapo ndipo uruke. Mimi nilikariri kinyume. Nikaruka. Nikakanyaga parachichi. Nikatua chali, kijiko cha sungura mkononi. Mtoto akatema kiazi, akanitazama, akacheka mpaka akapata kwikwi.

Wakati huohuo mama mkwe anapiga simu. "Baba Bahati, hela ya ulezi imekosekana mpaka mjukuu wangu anaguguna viazi?" Nikasema hapana mama, ni utaratibu mpya. Akanyamaza. Nikakumbuka la nesi, kimya ndiyo hatari. Kweli. Jioni Mama Bahati akapokea muamala, umeandikwa "ya uji".

Sasa anachokula ni robo. Robo tatu inakwenda chini. Nimekataza kumlazimisha, hapana, nimekatazwa kumlazimisha. Sisi tunaweka, yeye ndiye anaamua ale kiasi gani. Mimi nikajaribu kuamua kiasi cha wali wangu, nikaambiwa sufuria imeshaoshwa.

Na hiyo robo tatu, jirani, unajua anayeila? Usiangalie pembeni. Kuku wako. Yule tetea mwekundu. Asubuhi anakuja kabla mkeka haujatandikwa, anapiga mlango kwa mdomo. Kanenepa, anang'aa, ana vitamini A kuliko mimi.

Leo zamu ni ya yai la kuchemsha, lililoiva kabisa. Ndilo nililotumwa. Mangi, hayo mayai ya kienyeji umeyatoa wapi? Kwa nani? Kwa huyu huyu?

Haya. Bei gani hilo, 600? Andika kwenye daftari.