Zinja Hana Ngazi za Umeme

Jumapili watoto wa Dar wanatolewa matembezi: wapande ngazi za umeme dukani, wale chipsi kuku, wapigwe picha, warudi. Lakini Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, yanahifadhi fuvu la zamadamu Zinjanthropus, yaani Zinja, lililofukuliwa Olduvai na Mary Leakey mwaka 1959. Umri wake? Kama miaka milioni 1.75. Shule huwapeleka watoto huko, tuseme haki, ila mtoto hunakili vibao mwalimu akifoka, “Haya, twende, twende!”

Wazazi hawataki kabisa kuwapeleka. Mtoto akiyaona yale magego mapana ya Zinja atauliza: alikula nini, alikufaje, na baba, wewe uliambiwa na nani? Ngazi za umeme haziibui maswali. Zinapanda, zinashuka, na baba anabaki msomi.