Paa Lina Wenyewe

Nyumba yetu hapa Tanga ina paa la zege, na paa la zege halijapata kuwa mali ya mtu mmoja. Tangi la maji liko huko. Kamba za nguo ziko huko, dagaa wa kuanika wako huko, mwanetu Zuhura akitaka kununa hupanda huko. Hata kunguru wana zamu zao. Mume wangu hakuyaona hayo yote. Alipopata leseni ya redio ya ridhaa, ile ya kuzungumza na watu wa mbali kwa kujifurahisha tu, kutoka mamlaka ya mawasiliano, TCRA, na alama ya mwito inayoanza na 5H kama za Watanzania wenzake, alijitwika bomba la chuma akapanda ngazi bila kumuuliza mtu.

Antena yenyewe haina makuu. Ni waya wa shaba wenye urefu wa nusu ya wimbi: unachukua 143, unagawa kwa megahezi za masafa unayotumia, unapata mita. Kwa megahezi 14.2 inakuja mita kumi na sentimita chache, nusu huku na nusu huku, katikati imeshikwa juu ya bomba na ncha mbili zinateremka kuelekea ukingo wa paa hadi usawa wa kifua. Unaanza na ziada, unapima, unapunguza kidogo kidogo. Vipande alivyokata Baba Zuhura aliviacha palepale sakafuni. Nilivisemea siku ileile, nikaambiwa ni vidogo.

Anachopima, watu wa redio hukiita SWR. Ndicho kinachoonyesha kama nguvu unayoipeleka juu inaondoka au inakurudia. Ikisoma 1, hakuna kinachorudi. Ikipita 3, redio nyingi za siku hizi hujipunguzia nguvu zisije zikaungua. Ya kwetu ilisoma vizuri wiki nzima, ila Jumamosi asubuhi ikapanda. Jumapili ikashuka. Jumamosi iliyofuata ikapanda tena.

Mwanamume akiwa na kifaa cha bei mbaya, hushuku kwanza kile kilichomgharimu zaidi. Basi redio ikafunguliwa mezani, ikapulizwa vumbi, ikafungwa. Ikashukiwa betri, ukashukiwa umeme wa mtaa. Mimi niliyekuwa nafua nguo kila Jumamosi niliona jambo linakwenda wapi, nikakaa kimya, maana aliyekuwa anazianika si mimi.

Alipopanda mwenyewe alimkuta mama yake anamalizia kutundika doti la kanga mbichi kwenye ncha ya antena, kwa vibanio.

“Mama, hii si kamba ya nguo.”

“Kama si kamba ya nguo, mbona umeifunga kama kamba ya nguo?”

Hakuwa na jibu, na mimi mpaka leo sijalipata. Alijaribu kumweleza kwamba volti za antena ya namna ile huwa kubwa zaidi kwenye ncha, kwa hiyo nguo mbichi ikikaa hapo inauvuruga urefu aliouhangaikia, na mtu akiigusa ncha wakati redio inarusha anaweza kuungua vidole. Mama mkwe alilishika hilo la mwisho tu. “Yaani umenitegea moto juu ya nyumba niliyoijenga na marehemu baba yako?” Jioni ile Baba Zuhura alikwenda dukani, akarudi na kamba mpya ya nailoni na vibanio dazeni mbili, akaifunga upande wa pili wa tangi.

Ugomvi wa televisheni niupitie haraka, maana ulikuwa wa pande zote mbili. Yeye akirusha, tamthilia ya mama inaganda na nyuso zinakatikakatika kuwa vipande vya mraba. Mama akiwasha taa ya chumbani kwake, ile balbu ya LED ya bei poa, redio inanguruma mpaka hasikii kitu. Tuliizima swichi kubwa, redio ikabaki na betri, kisha tukawasha chumba kimoja kimoja mpaka mngurumo ukajitaja. Balbu ikabadilishwa. Waya wa dishi na ule wa umeme wa televisheni akauzungusha kila mmoja kwenye pete yake ya feraiti, nyuso zikatulia. Nadhani hapo ndipo mama mkwe alipoanza kumheshimu kidogo.

Kisha ikaja masika, na hii ndiyo iliyonifundisha nisiamini namba kwa uzuri wake.

Baada ya wiki kadhaa za mvua, watu waliokuwa wakimwitikia vizuri wakaanza kumwomba arudie. Baadaye wakawa hawamwombi. Naye alikuwa akiwasikia kwa mbali. Lakini SWR haikuwahi kusoma vizuri kama mwezi ule: moja nukta mbili, Jumamosi na siku zote. “Antena ni nzima,” alisema, “hali ya anga ndiyo mbaya.” Aliilaumu anga, akalilaumu jua na madoa yake.

Nikamwambia tulilaze bomba tuchomoe kule juu kebo inayotoka kwenye redio kwenda kwenye antena, tuone kipimo kitasema nini. Akacheka, akasema kebo ikiwa haina kitu mwishoni, nguvu yote inarudi na kipimo kinagonga ukomo. Nikamwambia basi na kigonge. Yeye akabaki chini na redio, ameipunguza nguvu. Mimi nikawa paani. Zuhura katikati ya ngazi akipeleka salamu.

“Baba anauliza, umeshachomoa?”

“Nimechomoa, ipo sakafuni, nami nimesimama mbali.”

“Baba anasema hujachomoa. Kinasoma moja na nusu.”

“Mwambie apande aje aione.”

Alipanda. Aliitazama ile kebo iliyolala peke yake bila antena, akashuka kupima tena, akapanda tena. Kisha akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa na kupiga hesabu kwa sauti. Kusoma moja na nusu maana yake ni kwamba asilimia 4 tu ya nguvu ndiyo inayorudi. Kama mwishoni hakuna pa kutokea, basi iliyobaki imeishia njiani: sehemu moja ya tano inafika juu, inageuka, na katika kurudi inakatwa tena ibaki moja ya tano ya hiyo. Akirusha wati 100, antena inaonja 20. Nyingine zilikuwa zinapasha joto kebo yake mwenyewe, na kipimo kinasifia kwa sababu hakuna kinachosalimika hadi kurudi kulalamika.

Tuliikata plagi ya juu. Nyuzi za shaba zilizosukwa chini ya ganda, ambazo zilipaswa kung'aa, zilikuwa nyeusi, na mahali pengine zimetoka ukungu wa kijani. Nilipoiminya kebo likatoka tone la maji. Tukachuna ganda kwa kisu: weusi uliendelea, tukachuna tena, bado upo. Maji ya mvua na chumvi ya upepo wa bahari yalikuwa yamesambaa ndani ya zile nyuzi kama mafuta ya taa yanavyopanda utambi.

Tepu iliyofunika plagi ilikuwa imechanwa vipandevipande. Sina ushahidi wa kupeleka mahakamani. Lakini kunguru hawa, ambao jamaa zao waliletwa Unguja miaka ya 1890 eti wasaidie kula taka, hujenga viota hata kwa waya, na kwenye mwarobaini wa jirani palikuwa na kiota kinachometameta shaba. Vile vipande vidogo.

Kebo mpya ilinunuliwa kwa pesa ambayo ilikuwa ya pazia. Safari hii alifunga tepu ya mpira inayojishika yenyewe, akianzia chini kupanda juu ili kila mzunguko uumwagie maji ule wa chini yake, na kebo akaiacha ibembee chini kidogo kabla ya kuingia dirishani, matone yaangukie nje. Radi ikinguruma, Zuhura ndiye mwenye kazi ya kukumbusha ichomolewe.

Jioni ya kwanza aliitikiwa na mtu wa Muscat, sauti safi. Mama mkwe aliyekuwa anapita na birika akasimama mlangoni. “Muulize kama anawafahamu wajomba zako.”

Sasa mume wangu anazungumzia satelaiti ya Qatar, Es'hail-2, iliyorushwa 2018 na kubeba chombo cha watu wa redio ya ridhaa. Inakaa mahali pamoja, nyuzi 25.9 mashariki, na kwa sisi wa Tanga ni karibu na utosini. Kuisikiliza, anasema, dishi la kawaida la televisheni linatosha. Mama mkwe ameshamwambia tamthilia ina misimu mingine mitatu, kwa hiyo Baba Zuhura anavutana bei ya dishi la mtumba na fundi wa barabara ya pili.