Barua ya Wazi kwa Waheshimiwa Waliofikisha Reli Kindu kwa Kalamu

Kwa Sekretarieti ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, Arusha. Na kwa mawaziri wa uchukuzi wa Tanzania, Burundi na Kongo, katika kikao chochote watakachokuwa.

Mikelenge, komini ya mji wa Kindu, jimbo la Maniema, ina heshima kubwa kuwafikishia waheshimiwa pongezi zake. Habari imefika hapa kwamba Kindu ndiyo mwisho wa reli ya kisasa itakayotoka Uvinza, ipite Musongati na Gitega, iteremke Bujumbura, iingie Uvira, kisha ipande milima na kupenya msitu mpaka kwenye mto Lualaba. Kwenye ramani mstari umekwisha kufika. Umevuka milima ya Itombwe bila kutokwa na jasho. Komini inashukuru, maana si kila siku mji usiounganishwa kwa lami na mji mwingine wowote hutajwa kwenye hati za benki.

Ili shukrani hizo zisiwe za mdomo tu, Mikelenge imejaribu kufuatilia mambo yanavyokwenda. Imekuta kwamba kipande cha Uvinza hadi Musongati, kilomita 282, kimetendewa haki. Desemba 2023 Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha karibu dola milioni 696 kwa awamu ya reli ambayo kipande hicho ni sehemu yake. Januari 2025 Tanzania na Burundi zilitia sahihi mkataba wa dola bilioni 2.15 na kampuni za China, na Agosti mwaka huohuo viongozi wakakusanyika Musongati kuzindua ujenzi. Kipande hicho kina fedha, kina mkandarasi, na kina sababu ambayo haihitaji hotuba: chini ya Musongati kuna nikeli. Kutoka hapo hadi Gitega kuna mpango. Kutoka Uvira hadi Kindu kuna mshale.

Mikelenge haiudharau mshale. Inaomba tu ruhusa ya kuwakumbusha waheshimiwa kwamba reli si mgeni Kindu.

Mwaka 1902 tajiri mmoja wa Ubelgiji, Empain, alianzisha kampuni ya reli ya CFL ili iunganishe Kongo ya juu na Maziwa Makuu. Haikupita miaka kumi, treni ikawa inakwenda kutoka Kindu hadi Kongolo, na mji ukabandikwa jina la tajiri huyo: Port-Empain. Kutoka Kongolo mzigo ulipanda meli hadi Kabalo, na kuanzia 1915 ukapanda treni nyingine kutoka Kabalo hadi ziwani, mahali panapoitwa Kalemie leo. Ng'ambo ya ziwa Wajerumani walikuwa wamekwisha kufikisha reli yao Kigoma mwaka 1914. Hesabu ni rahisi: zaidi ya miaka 100 iliyopita gunia la Maniema liliweza kutoka ukingo wa Lualaba na kufika Dar es Salaam kwa treni, meli, treni, meli na treni tena. Waliolaza mataruma na kubeba vyuma mabegani hawakuulizwa kama wanataka, wala hawakulipwa inavyostahili. Kwa hiyo komini haisimulii habari hii kwa kutamani bwana arudi. Inaisimulia kwa sababu ya jambo lililofuata.

Tarehe 15 Machi 1921 Uingereza na Ubelgiji zilitia sahihi makubaliano. Ubelgiji ikapewa sehemu zake za bandari Kigoma na Dar es Salaam, zilizokuja kuitwa Belbase, ili mizigo ya Kongo ipite Tanganyika bila kutozwa ushuru wa forodha. Pango lilikuwa faranga moja kwa mwaka. Milele. Mwaka 1961 Mwalimu Nyerere alikataa kufungwa na karatasi hiyo, na haki ilikuwa upande wake: nchi huru haiwezi kukodishwa milele kwa bei ya pipi. Hata hivyo, mkaaji wa Mikelenge akikaa chini ya mwembe hujiuliza imekuwaje wakoloni wawili, kila mmoja akimwinda mwenzake, walimaliza shauri la forodha kwa karatasi moja, na ndugu saba, wanane, waliokumbatiana kwa hiari yao bado wanalihangaikia. Jumuiya ina Umoja wa Forodha tangu 2005 na Soko la Pamoja tangu 2010. Kongo ilikubaliwa kuwa mwanachama Machi 2022. Gunia la Maniema linasubiri kujulishwa.

Linasubiri kituoni, kwa kweli. Reli ya Kindu bado ipo. Tangu mwaka 1956, Kabalo ilipounganishwa na Kamina, inafika mpaka Lubumbashi. Vita viliinyamazisha, na mwaka 2004, kwa msaada wa wafadhili, treni ikarudi na watu wakaipokea kwa ngoma. Tangu hapo inaendeshwa na shirika la SNCC kwa vichwa vichache, vyuma vilivyochoka na mataruma yanayooza. Mahali pengine treni huwa na ratiba. Ya Kindu ina uvumi. Mtu husema imeonekana Kibombo, mwingine husema imeanguka kabla ya Kongolo, na wafanyabiashara wenye mchele na mafuta ya mawese hulala juu ya mizigo yao, wakipiga hesabu ya vitakavyokuwa vimeharibika ikifika.

Mchele unastahili neno la pembeni. Mpunga uliingia Maniema katika karne ya 19 pamoja na misafara ya watu wa pwani, enzi za Tippu Tip na miji ya Nyangwe na Kasongo, misafara ileile iliyoacha nyuma yake lugha hii na vilio vya watumwa. Zao lililotoka Asia lilifika hapa kwa miguu, kutoka Bahari ya Hindi, na likakubali udongo. Leo mkaaji wa Kinshasa anakula mchele wa Thailand na Pakistan, kwa kuwa kuuleta kwa meli kutoka Asia hadi Matadi ni kazi nyepesi kuliko kuutoa Kasongo. Wataalamu wa ushirikiano na Asia wanaweza kuliandika hilo kama mafanikio: soko la Kongo limefunguka.

Tukiwa bado Asia, komini isingependa ionekane haina kumbukumbu. Mwaka 2008 Kongo iliingia mkataba mkubwa na kampuni za China, ule wa Sicomines: shaba na kobalti ziende, miundombinu ije. Katika ahadi za mwanzo mlikuwa na zaidi ya kilomita 3,000 za reli, hospitali 31 na vituo vya afya 145. Shirika la Fedha la Kimataifa likaingiwa na hofu ya deni, mkataba ukapunguzwa, na dola bilioni 3 zikabaki kwa ajili ya miundombinu. Februari 2023 Ukaguzi Mkuu wa Fedha wa Kongo ulipofungua vitabu ulikuta zimetumika dola milioni 822. Mwaka 2024 mkataba ulijadiliwa upya, na ahadi ikapanda hadi dola bilioni 7. Mikelenge imepokea ongezeko hilo kwa furaha, kwa kuwa ahadi ndiyo bidhaa pekee kutoka nje ambayo haikosi njia ya kufika Maniema. Ukiacha pikipiki, bila shaka: TVS za India na Haojin za China zinapita penye matope ambapo hakuna waziri aliyewahi kupita, na waendesha pikipiki wanaolisha mji huu hawakuzipata kwenye mkutano wowote wa kilele.

Wapo watakaosema Asia imeonyesha njia. Wana haki ya kuitaja Laos, nchi isiyo na bahari, ambayo tarehe 3 Desemba 2021 ilizindua reli ya kilomita 422 kutoka mpaka wa China hadi Vientiane, kwa gharama ya karibu dola bilioni 6. Treni zinakwenda kweli, na kwa dakika. Ila deni nalo linakwenda, na Laos imejikuta ikiomba nafasi ya kupumua. Tena reli hiyo ni ya milimita 1,435, na ya Thailand, jirani wa ng'ambo ya Mekong, ni ya milimita 1,000. Vientiane basi ina treni mbili zisizoweza kukanyaga chuma kimoja, na mzigo unashushwa hapa ukapakiwe pale. Waheshimiwa wameliwazia hilo? Reli yao mpya ni ya 1,435. Ya Kindu ni ya 1,067. Ya zamani ya Kigoma ni ya 1,000. Siku mshale utakapokuwa chuma, wapakuaji wa Kindu hawatakosa kazi, na huo ndio mpango wa ajira ulio wazi kuliko yote iliyowahi kufika jimboni.

Asia hiyohiyo ina SAARC, jumuiya ya Asia ya Kusini iliyozaliwa Dhaka mwaka 1985. Mkutano wake wa mwisho wa wakuu wa nchi ulifanyika Kathmandu mwaka 2014. Uliofuata ulikuwa ufanyike Islamabad mwaka 2016, India na Pakistan zikagombana, na mpaka leo viti vinasubiri. Sekretarieti ya Kathmandu ingali na jengo na bendera.

Arusha haiwezi kulinganishwa na hao, la hasha. Wakuu wa Afrika Mashariki hukutana sana. Jumuiya ilituma jeshi lake Kivu Novemba 2022, na Kinshasa ikaliondoa kabla ya mwaka 2023 kwisha. Januari 2025, mwezi uleule ambao mkataba wa Uvinza na Musongati ulitiwa sahihi, Goma iliangukia mikononi mwa waasi wa M23, na mkutano wa dharura ukaitishwa kwa mtandao. Rais wa Kongo hakutokea. Burundi imefunga mpaka wake na Rwanda tangu Januari 2024. Desemba 2025, siku chache baada ya marais wa Kongo na Rwanda kutia sahihi makubaliano ya amani Washington, M23 waliingia Uvira, yaani pale hasa mstari wa reli unapogusa Kongo. Kongo na Rwanda ni wanachama wa jumuiya moja, wana wabunge tisa kila nchi katika bunge moja la Arusha, na wanapigana vita ambavyo lugha ya taarifa rasmi huviita hali ya usalama. Mikelenge haikai mbali na hali hiyo. Kiwanja cha ndege cha Goma kilipofungwa, ilifungwa pia njia ambayo bidhaa nyingi zilikuwa zikipita kuja Kindu, na mama anayeuza sabuni sokoni alijua kabla ya taarifa ya pamoja kuandikwa.

Haki itendeke pande zote. Kinshasa nayo imekuwa ikitajwa kati ya wadaiwa wakubwa wa michango ya Jumuiya. Ni nchi yenye moyo mpana: ni mwanachama wa EAC, SADC, COMESA na jumuiya ya Afrika ya Kati, zote kwa pamoja, na ikizaliwa nyingine itajaza fomu. Raia wake ndiye anayehesabu makuta. Mwaka 2015 pasipoti ya Kongo iliwekewa bei ya dola 185, mojawapo ya ghali zaidi duniani, na ilichukua miaka mitano kuishusha hadi 99. Mababu wa mtaa huu walikwenda Ujiji kwa miguu na mtumbwi, bila pasipoti. Utangamano, basi, umewafanya wajukuu wathamini safari.

Linabaki suala la mto, na komini inaomba radhi kwa kulileta mwishoni, kwani linaweza kuharibu ramani.

Kindu ina komini tatu. Kasuku na Mikelenge ziko ukingo wa kushoto wa Lualaba, pamoja na kituo cha treni. Alunguli iko ukingo wa kulia. Kati yao hakuna daraja. Wanafunzi, wagonjwa, mihogo na maiti huvuka kwa mtumbwi au kwa kivuko kikiwa kizima. Reli ya Uvira itatoka mashariki. Kwa elimu ndogo iliyopo Mikelenge, treni inayotoka mashariki itafika kwanza Alunguli na kusimama majini. Msafiri aliyelala kwenye behewa lenye kiyoyozi tangu Dar es Salaam atashuka na begi lake, atateremka utelezi wa ukingoni, na kupatana bei na mpiga kasia wa Kigenya, ambaye familia yake imekuwa ikifanya kazi hii kabla ya Stanley kupita hapa.

Kongo haikosi madaraja ya reli. Mwaka 1983 Wajapani walimaliza daraja la Matadi, lenye urefu wa mita 722, kazi safi mpaka leo. Liliwekewa nafasi ya treni iliyokuwa iende hadi Banana, baharini. Reli hiyo haikujengwa. Hivyo magharibi kuna daraja linalongoja reli kwa miaka zaidi ya 40, na Kindu kuna reli inayongoja daraja kwa zaidi ya 100. Sekretarieti yenye kitengo cha uratibu ingeliona hilo bila kuagiza mshauri.

Mikelenge basi inaomba aletwe mhandisi mmoja mwenye kamba ya kupimia, aje masika mto ukiwa umejaa, asimame Alunguli na kusema kituo kitakuwa wapi. Wakati anasubiriwa, yanunuliwe mataruma ya kutosha kipande cha Kindu hadi Kongolo, ambacho hakihitaji nikeli, mkutano wala mshale, na ambacho tayari kimelazwa.

Wakaaji wa komini ya Mikelenge, Kindu.

Nakala:
Wizara ya Uchukuzi, Kinshasa, kwa ndege.
Benki ya Maendeleo ya Afrika, Abidjan, kwa barua pepe, umeme ukirudi.
Makao makuu ya SNCC, Lubumbashi, kwa treni.