Muulize Mjomba: Doom ni Tony Stark, na ada ya shule atalipa nani?

Wiki hii Mjomba ameweka kando kesi za mahari na mipaka ya viwanja. Barua zote zilizofika ni za jambo moja, Avengers: Doomsday, picha iliyopangwa kutoka tarehe 18 Desemba 2026. Hakuna kati yenu aliyeiona, na wote mnajua inavyoisha. Twende.

*Shikamoo Mjomba. Mume wangu ni mtu mzima, fundi umeme anayeheshimika mtaani. Siku hizi halali. Usiku anasimamisha video kwenye simu, anakuza picha, anachora mishale nyuma ya daftari la mtoto. Anasema Doctor Doom ni Tony Stark wa ulimwengu mwingine. Nilipomkumbusha ada ya muhula, alinijibu kwamba upo ulimwengu ambao ada imeshalipwa. Nirudi kwetu? — Mama Wawili, Tabata*

Marahaba mwanangu. Usirudi kwenu, angalau si kwa hili. Mumeo hana wazimu, ameonewa.

Tarehe 27 Julai 2024, kule San Diego, Marvel walijaza jukwaa watu waliovaa majoho ya kijani na barakoa za chuma. Mmoja akavua barakoa, na kumbe ni Robert Downey Jr. Huyu ndiye Tony Stark, yaani Iron Man, aliyekufa mwaka 2019 katika Avengers: Endgame, tukamlilia, tukamzika. Sisi tuliokulia kwenye vibanda umiza tulifundishwa sheria moja tu ya sinema: stelingi hafi. Akifa, picha imekwisha, chukua viatu vyako uondoke. Sasa stelingi amekufa kweli, halafu miaka mitano baadaye sura yake inarudi kama adui. Mtu aliyeishika ile sheria tangu utotoni atalalaje?

Nadharia yake tuipime kwa haki. Doom yumo kwenye vitabu vya katuni tangu 1962, na ni mtu kamili: Victor von Doom, mtawala wa Latveria, mwenye kiburi cha kutosha nchi tatu na uso asiotaka uonekane. Ukinambia kwamba chini ya barakoa yupo Stark tu, umemnyang'anya ufalme, historia na hata sababu ya kumchukia hasimu wake, Reed Richards wa Fantastic Four. Kwa upande wa pili, mtu haiti sura inayojulikana dunia nzima kisha akaificha bila kuwa na neno la kusema kuhusu sura hiyo. Mimi naona watatumia kule kufanana: wahusika watamtazama na kushtuka, nasi tutashtuka pamoja nao. Lakini atakuwa Victor.

Najua pia anapokuza picha. Ni ule mwisho wa The Fantastic Four: First Steps, ya 2025. Sue, mmoja wa wale wanne, anarudi sebuleni na kumkuta mtu wa joho la kijani amepiga magoti mbele ya mtoto wake Franklin, barakoa ameishika mkononi. Tunamwona kwa nyuma. Mwambie hata akikuza mara elfu moja, atapata joho kubwa zaidi.

Kuhusu ada, mjibu kwa hesabu yake mwenyewe: upo pia ulimwengu ambao mke ameshaondoka na friji. Achague anaishi upi.

*Sema Mjomba. Niko Umoja, Nairobi. Mimi na jamaa wa kazini tumewekeana dau la elfu mbili. Yeye anasema Tobey Maguire yumo. Mimi nasema hayumo, kwa sababu jina lake halikuwa kwa vile viti, na waigizaji wakiulizwa wanakataa. Niko sawa? — Mwenye Hoja, Umoja*

Unaweza kushinda dau, ila hoja zako zote mbili ni mbovu.

Viti kwanza. Tarehe 26 Machi 2025 Marvel walirusha matangazo ya moja kwa moja yaliyodumu zaidi ya saa tano, na kilichoonyeshwa ni viti. Kamera inasogea polepole, inafika kwenye mgongo wa kiti, unasoma jina. Unakaa. Baada ya muda mrefu inasogea tena, jina jingine. Watu wazima wenye familia walikodolea macho fanicha mchana kutwa. Yalitoka majina 27, wakiwemo wazee Patrick Stewart na Ian McKellen wa X-Men, na mwishoni Downey mwenyewe akatokea. Jina la Chris Evans halikuwemo. Tena mwezi Januari mwaka huohuo Evans alikuwa ameulizwa akasema habari za kurudi kwake si kweli, amestaafu na ana raha zake. Desemba ikafika, kionjo cha kwanza kikatoka, na nani tunamwona anashuka kwenye pikipiki na kuingia nyumbani kubeba kichanga? Steve Rogers, yaani Evans.

Sasa kukana. Mwaka 2021 Andrew Garfield aliulizwa kila kona kama yumo kwenye Spider-Man: No Way Home. Akakana. Akaonyeshwa picha yake iliyovuja, akasema imetengenezwa kwa kompyuta. Alikuwemo, na Maguire alikuwemo. Mwigizaji amesaini mkataba wa kunyamaza. Kumuuliza ni kumlazimisha mtoto wa watu aseme uongo hadharani, na Garfield baadaye alikiri kwamba aliufurahia.

Ushahidi wa maana huwa unatoka kwa bahati mbaya. Trela ya No Way Home iliyotolewa Brazil ilikuwa na sehemu Spider-Man mmoja anarukiwa na maadui watatu. Mjusi, yule wa kijani, yuko hewani, mara kichwa chake kinapinda kama amechapwa teke zito. Hakuna aliyempiga. Waliwafuta Spider-Man wengine wawili, Garfield na Maguire, kwenye picha, wakasahau kufuta teke. Kwa hiyo wewe na jamaa yako acheni kusikiliza midomo, mtafute kichwa kinachopinda chenyewe. Na hizo elfu mbili mpeni mtu wa tatu azishike.

*Mjomba, mimi ni baba wa makamo. Mwanangu kanieleza ulimwengu sambamba kwa saa nzima, nikaitikia tu. Kwa nini wasikae kwenye ulimwengu mmoja kama watu wengine? — Baba Asiyeelewa, Moshi*

Mwanao amekueleza fizikia, ndiyo maana hukuelewa. Mimi nitakueleza mikataba.

Miaka ya 1990 Marvel ilikuwa na njaa, na mwaka 1996 iliomba ulinzi wa mahakama kwa sababu ya madeni. Kampuni iliuza haki za sinema za watoto wake mmoja mmoja. X-Men na Fantastic Four wakaangukia kwa Fox, Spider-Man akaenda Sony. Marvel ilipoanza kutengeneza picha zake yenyewe, Iron Man mwaka 2008, ilibaki na wale ambao hakuna aliyewataka. Ikawa kama ndugu waliogawana shamba la baba: wanaonana kila siku, ila hakuna ruhusa ya kuvuka mpaka. Ndiyo maana Wolverine wa X-Men hakuwahi kumsalimia Iron Man. Wala hapakuwa na ukuta wa anga kati yao, palikuwa na wanasheria.

Kisha Disney ikainunua Marvel mwaka 2009 kwa takriban dola bilioni 4, Sony ikakubali kumwazimisha Spider-Man mwaka 2015, na Machi 2019 Disney ikaimeza sehemu kubwa ya Fox kwa dola bilioni 71. Mashamba yakaungana. Tatizo likawa namna ya kumweleza mtazamaji hawa jamaa walikuwa wapi miaka ishirini wakati dunia inavamiwa. Jibu rahisi: walikuwa ulimwengu wa jirani.

Wazo lenyewe si la jana. Mwaka 1961 kampuni ya DC ilikuwa na Flash wawili, wa zamani na mpya, ikawakutanisha kwa kusema kila mmoja ana dunia yake. Tangu mwanzo ulimwengu wa pili ni dawa ya karani aliyekuta mafaili mawili yenye jina moja.

*Mjomba, binti yetu Lupita yumo? Ukoo wote unauliza. — Shabiki, Kisumu*

Kwenye viti, Wakanda, nchi ya mhusika wake katika sinema hizi, iliwakilishwa na Letitia Wright na Winston Duke. Lupita Nyong'o hakuwa na kiti. Evans naye hakuwa nacho, nimeshasema. Msikate tamaa, lakini msiukatie tiketi ukoo mzima.

*Shikamoo Mjomba. Sisi ni wanachuo, tuna kikundi cha kubashiri. Zamani tulikuwa tunabishana hadi usiku wa manane. Siku hizi mtu akisema lolote, mwingine anajibu "inawezekana, ni ulimwengu mwingine," na mazungumzo yanaishia hapo. Tumechokana. Tuvunje kikundi? — Katibu, Dodoma*

Marahaba. Barua yako ndiyo iliyonifanya niandike safu hii.

Kubashiri kuna utamu kwa sababu unaweza kukosea. Mwaka 2021 wakati wa WandaVision watu waliapa kwamba Mephisto, shetani wa kwenye katuni, yuko nyuma ya kila kitu. Kila nzi aliyetua kwenye pazia alikuwa Mephisto. Hakutokea. Alikuja kuonekana 2025, kwenye tamthilia nyingine kabisa, Ironheart. Mwaka 2022 wakaapa Tom Cruise atakuwa Iron Man mwingine ndani ya Doctor Strange in the Multiverse of Madness. Hakuwemo. Watu walisutwa, wakacheka, wakarudi kubashiri. Ulimwengu ukizidi kuwa mwingi, hasutwi mtu, na asiyeweza kusutwa hana sababu ya kufikiri kabla ya kusema.

Picha hiyohiyo ya Doctor Strange ilitimiza ombi moja la mashabiki. Kwa miaka walitaka John Krasinski awe Reed Richards. Wakapewa. Akaingia, akatambulishwa, akamsihi Wanda, yule wa WandaVision, kidogo, na Wanda akamchanachana vipande kama tambi. Walipata walichoomba na hakikuwafaa kitu, maana ombi lao lilikuwa na jina la mtu bila kazi ya kufanya.

Mlinganishe na Garfield. Mwaka 2014, katika picha yake ya pili ya Spider-Man, mpenzi wake Gwen alianguka na hakumwahi. Kwenye No Way Home MJ anaanguka, Spider-Man wake anazuiwa angani, na Garfield ndiye anayejitupa, anamdaka, anamweka chini. Kisha uso wake unavunjika. Inabidi MJ aliyeokolewa amuulize mwokoaji kama yuko salama. Jumba zima pale lilikuwa kimya, na dakika chache nyuma lilikuwa likipiga mayowe. Huyo alikuwa na deni la miaka saba la kulipa.

Kwa hiyo msikivunje kikundi, wekeni katiba. Anayetaja mhusika aseme pia anakuja kufanya nini ambacho mwingine hawezi. Akijibu "ni ulimwengu mwingine," anunue soda za wote.

*Na wewe Mjomba, unabashiri nini? — Mdaku, Tanga*

Nafuata katiba. Katuni ya Secret Wars ya mwaka 2015, iliyoandikwa na Jonathan Hickman, ina malimwengu yanayogongana na kufutana, na Doom anaokota masalia, anayaunganisha, anajifanya mungu wake. Picha inayofuata Doomsday ina jina hilohilo, na imepangwa tarehe 17 Desemba 2027. Basi nasema Doom atashinda. Taa zitawaka watu wakiwa wameduwaa, mashujaa wametawanyika, na Rogers atakuwa ndiye aliyelipa, kwa sababu hawakumpa kichanga bure. Barua za kunisuta nazipokea kuanzia tarehe 19. Za kabla ya hapo ninachana bila kusoma.