Goti la Uso ni Posa

Katika anime za shule za Kijapani, kijana akitaka kumjua mchumba wake wa kesho, asiangalie nani anamtazama kwa haya. Aangalie nani anampiga.

Chukueni Nisekoi, hadithi ya Naoshi Komi iliyochapishwa toka 2011 hadi 2016. Chitoge anaruka ukuta wa shule na kumtandika Raku, kijana wa hadithi, goti la uso. Hiyo ndiyo posa, sisi wengine tukadhani ni ajali. Onodera, binti wa watu, ana adabu, ana ufunguo, ana moyo wa Raku tangu kabla ya hilo goti. (Mapishi yake ni sumu, nakiri, lakini nani aliyekamilika?) Miaka na miaka tukakeshea fumbo la msichana aliyeahidiana na Raku utotoni, ahadi ya kufuli na ufunguo, na jibu likawa ni Onodera kweli. Raku akashukuru, akaenda zake kwa Chitoge. Sasa kufuli lote lile lilikuwa la nini?

Mtunzi mwingine, Negi Haruba, alituonyesha bibi harusi mwanzoni kabisa, kisha akatuletea mapacha watano wenye sura moja. Yaani hata shela ingefunuliwa, tusingeambulia kitu.

Taishi Tsutsui, yeye aliogopa ugomvi. Mwaka 2020 akamaliza We Never Learn kwa kumpa kila msichana mwisho wake, na wote walikuwa watano. Kwa kadhi yeyote ninayemjua, huyo wa tano angerudishwa mlangoni.