Makochi ya Mama Kulwa

Mtu wa Mwanza akikuambia anaishi mlimani, usimpe hongera upesi. Muulize kwanza mlima gani. Capri Point ni mlima wa nyumba zenye bustani, zinazolitazama ziwa. Mabatini nako ni mlimani, lakini huko nyumba zimechomekwa katikati ya majabali, gari linaishia bondeni, na kila kitu, saruji, mkaa, hata jeneza, hupanda na kushuka kwa mabega ya watu. Sisi ni wa Mabatini. Mama Kulwa ana nia ya kuhamia mlima ule mwingine, na kwa kuwa fedha ya kuhama haipo, ameamua kuuhamishia kwetu kidogo kidogo.

Alianzia mezani. Huku kwetu samaki wana vyeo. Minofu ya sangara hupanda ndege kwenda Ulaya, sato ni wa mgeni, dagaa ni wa wenyeji, na mapanki, ile mifupa inayobaki viwandani, ni ya asiye na la kuchagua. Mama Kulwa akapiga marufuku dagaa, eti harufu inashika mapazia. Matobolwa nayo yakaondolewa kwenye chai, zikaingia biskuti zinazovunjika kabla hazijafika mdomoni. Tangu hapo, nikitamani dagaa nashuka kwa mamantilie mmoja wa Mwaloni Kirumba, nakula nimeipa njia mgongo.

Nikiwa hapo humkumbuka sana Jiggs. Bwana huyo alizaliwa kwenye katuni za magazeti ya Marekani mwaka 1913, mkononi mwa mchoraji George McManus. Alikuwa kibarua wa kubeba matofali, utajiri ukamwangukia, mkewe Maggie akataka wawe watu wa daraja la juu, naye akaendelea kutoroka usiku akale nyama ya chumvi na kabichi na wenzake wa zamani. Hollywood ilimtengenezea filamu kadhaa kati ya 1946 na 1950. Waume wa namna hiyo walijaa kwenye sinema za enzi zile. W. C. Fields, katika It's a Gift ya mwaka 1934, anasemwa na mkewe usiku kucha mpaka anakimbilia barazani kutafuta usingizi. Sisi wa Afrika Mashariki tulikuwa na Mzee Ojwang wa kipindi cha Vitimbi, marehemu Benson Wanjau aliyefariki 2015, akijitetea mbele ya mkewe, Mama Kayai, na kesi haishindi.

Tumewacheka wake hao miaka nenda miaka rudi, na nadhani tumewaonea. Majirani wanasema nimelishwa limbwata. Waseme. Mume anayeongozwa na mkewe ana raha zake, ila hazitangazwi. Ada ya shule ikipungua, shughuli ni ya Mama Kulwa. Bati likivuja, Mama Kulwa. Mume halaumiwi kwa shauri lililoharibika kwa sababu hakulikata yeye. Mimi kazi yangu ni kuguna, na kuguna nakuweza.

Basi, kwenye vikao vya wazazi shuleni Mama Kulwa akajipatia kikoba kipya, wanachama wake karibu wote ni wa Capri Point. Zamu ya kukutania kwetu ikafika. Akaenda kwa dalali, akarudi na habari ya makochi: seti nzima, ya ngozi, yametoka Dubai, malipo kidogo kidogo.

"Mama Kulwa, umeipima njia?"

"Baba Kulwa, hujawahi kuona jambo likakupendeza."

Nikaguna.

Makochi yalipanda siku ileile ya kikao, mchana, mabegani mwa vijana wanne. Yale madogo yalipita. Lile refu, la watu watatu, lilifika kwenye majabali mawili yaliyo hatua chache kabla ya mlango wetu, likaingia nusu, likakwama. Mbele haliendi, nyuma halirudi. Vijana wakalisukuma, wakalilaza, wakalisimamisha, wakadai nyongeza, wakaondoka.

Waliotazama The Music Box ya Laurel na Hardy wananielewa. Wapumbavu wale wawili wanapandisha piano kwenye ngazi zaidi ya 130, inawaponyoka na kuteremka mpaka barabarani, wanaanza upya. Wakishafika juu, tarishi anawaambia kuna barabara ingewafikisha na mkokoteni wao bila taabu. Wanaishusha piano ili wapitie barabara hiyo! Filamu hiyo ya mwaka 1932 ndiyo iliyopata Oscar ya kwanza ya filamu fupi za vichekesho, na ngazi zenyewe zipo mpaka leo huko Los Angeles. Ila Mabatini hatuna barabara ya nyuma. Nyuma ni jabali, na nyuma ya jabali ni choo cha jirani.

Saa tisa wageni wakapanda, viatu vya visigino mkononi. Wakalikuta kochi limeziba njia. Upande wa pili amesimama Mama Kulwa na sinia la minofu, amevaa hereni mpya.

"Karibuni, karibuni sana. Leo tumeona tukae nje, tupate upepo wa ziwa."

Mwenyekiti wao, mama mtu mzima mwenye mwili wake, hakungoja kubembelezwa. Akakaa, akahema, akapapasa ngozi. Kisha akainua mto mmoja, akatazama chini yake kwa muda.

"Mwanangu," akamwambia mke wangu, "wino huu alimwaga kitinda mimba wangu. Kochi hili lilikuwa sebuleni kwangu."

Nikatafuta jabali la kujifichia. Mama Kulwa hata kope haikumcheza.

"Ndiyo, mama. Niliona tu kwamba limetoka kwenye nyumba ya heshima."

Huyo ndiye mke niliyemuoa. Kina mama wakacheka, sinia likapitishwa juu ya kochi, na mwenyekiti akauliza alilipata kwa bei gani. Alipotajiwa akasimama. Dalali alikuwa amemlipa yeye chini ya nusu ya hiyo, akimwambia ngozi imechoka. Ajenda za kikoba ziliishia hapo. Kikao kizima kilimjadili dalali.

Kesho yake fundi alikata kochi kwa msumeno, akaliunganisha ndani kwa gundi na misumari. Linakalika upande mmoja. Deni lililobaki Mama Kulwa amegoma kulipa, na dalali kila akija kulidai huishia bondeni, akilalamika kwamba mlima ni mrefu. Wewe ukialikwa kwetu, njoo bila wasiwasi, ila zawadi yako iwe nyembamba: kati ya majabali yale pana futi mbili na nusu tu.